Kipimo cha Bega

Ba Chola anatandaza gazeti mezani, halafu bunduki tatu.
Hii mpya, anasema, ya Uturuki, bado yanuka mafuta.
Dola mia nne. Siitazami sana; natazama mikono yangu,
ambayo hadi jana ilijua jembe na ungo tu.

Nguruwe-pori hawangoji mtu ajifunze.
Kule ng'ambo ya Kafubu wamenitangulia kuvuna,
msimu wa pili huu,
wakaniachia mabua kama meno mabovu.

Ya pili ni nyepesi, nyepesi mno.
"Hiyo itakupiga wewe kwanza," anacheka.

Ya tatu kuukuu. Kishikio chake cha mti kimelika
kwa kiganja cha mtu nisiyemjua.
Navuta nyuma, nasukuma mbele, kra, kra:
mlio wa komeo la mlango wetu
usiku baba aliporudi mzima kutoka mgodini.

Naiegemeza begani. Inakaa.
Mia na themanini, na kibali juu yake,
na risasi, ambazo hakuna anayekopesha.
Nahesabu: mbuzi wawili, cherehani,
karo ya Ngosa ya muhula huu.

"Mwenyewe alikuwa nani?"
Ba Chola anakunja gazeti polepole.
"Alikuwa na shamba," anasema. "Kama wewe."
Sikumuuliza tena.

Nimerudi Katuba kwa miguu, mikono mitupu,
bega la kulia limeshuka kidogo
kama lililokwisha kupewa mzigo wake.