Pua Mbili

Seeb, saa nane usiku, lami bado inatema joto la jana.
Napima. Ndiyo kazi yangu: kupima na kutia sahihi.
Karatasi yasema kilo mia nne, vifaa vya simu.
Mizani yasema mia nne themanini na moja.
Karatasi haina haya.

Ndege hii zamani ilibeba watu.
Madirisha yake yamezibwa bati,
kama macho ya maiti yaliyofumbwa na mtu baki.

Upande wa pili abiria wanapanda kwenda Salala
kuifuata mvua ya kharifu.
Watu mia na sabini, pua mia na sabini.
Moshi ukichomoza, hata mwembamba kama uzi,
mtoto atauliza, "Mama, nini kinanuka?"

Huku zipo pua mbili:
ya Talib, shemeji yangu,
na ya kijana wa Manila aliyeamka magharibi akidhani alfajiri.
Betri zikiwaka, hakuna wa kukimbilia nyuma na mtungi.
Watavaa barakoa, watoe hewa,
waunyime moto pumzi,
nao wenyewe wamo humo humo.

Dada yangu Zuwena husema simuni,
"Afadhali mizigo. Haitapiki, haigombi."
Nami hucheka, sijui kwa nini.

Mzigo haujifungi mkanda.
Mara ya tatu hii narudi kuvuta kamba ya sanduku lile.
Msimamizi anatazama saa.
"Thuwaiba, tia sahihi."
Nasema wino umekauka.
Kisha nasema kweli:
lifunguliwe.