Daftari la Vipimo

Kifua thelathini na sita, kiuno ishirini na nane:
hivyo nilimwandika Bi Swabra mwaka alioolewa,
kwa kalamu ya risasi, hapa hapa Kuze,
cherehani ikiwa bado ya mamangu.

Kila Idi nikamzungushia tepu.
Thelathini na tisa. Arubaini na mbili.
Nikajifunza kumwachia nguo ndani ya mshono,
akiba ya mwakani.
"Mashallah, umenawiri, shoga,"
naye akijigeuza kiooni
kama mwenye duka atazamaye rafu zimejaa.

Damu ilipokatika alikuwa na hamsini na moja.
Alicheka hadi akapaliwa na chai:
"Nimestaafu mie! Kiwanda kimefungwa!"
Nikafumua tena. Arubaini na sita.

Hatukujua.
Mafuta tuliyaona kama samli kwenye kopo,
imelala tu, yangoja siku ya njaa.

Ni Daktari Nyambu aliyetueleza, kule Makadara,
akichora nyuma ya bahasha ya picha.
Ovari zikifunga duka, alisema,
mafuta yana duka lao la uani.
Homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo chache,
huingia huko zikashonwa upya zikatoka estrojeni,
kama suruali kuukuu ya mume
igeuzwavyo gauni la mtoto.
(Hapo alinitazama mimi.
Tepu ilikuwa bado shingoni, nimesahau kuivua.)
Na estrojeni hubisha hodi kwenye titi
mchana na usiku: kua, gawanyika, kua.
Leptini nayo huitikia, kua.
Yupo mlinzi, jina lake adiponektini,
lakini huyu, nyumba inavyonenepa
ndivyo yeye anavyokonda.

"Basi nimejiletea mwenyewe?" Bi Swabra akauliza.
"Ni mahamri yangu?"

Daktari akaiweka kalamu chini.
"Kitanda cha dirishani yuko mama mwembamba kama uzi,
ana uvimbe kama wako.
Uzito huongeza hatari, mama. Hautoi hukumu."

Usiku ule nililifungua daftari.
Thelathini na sita, thelathini na tisa, arubaini na mbili,
mwandiko wangu mwenyewe, wino ukibadilika rangi.
Miaka thelathini nimeshika barua
nikiisoma kwa sauti, nikidhani ni pongezi.
Nilitaka kulichana. Nikakumbuka
kuna vipimo vya bintiye humo.

Alipotoka hospitali hakutaka sifongo la dukani.
"Lapeperuka," alisema, "bega moja lapanda kama la mwanajeshi."
Basi tukaenda kwa Awadhi, tukapima mtama kwenye mizani yake,
robo, nusu, ongeza kidogo, punguza.
"Wa uji?" Awadhi akauliza.
"Wa kuvaa," Bi Swabra akamjibu,
na Awadhi, maskini, akakosa pa kuweka macho,
akatupa mtama bure.

Nikaushona mfuko kwa melimeli, mshono mara mbili,
usije ukamwaga nafaka msibani.

Sasa anameza kidonge kimoja kila asubuhi,
cha kulifunga lile duka la uani.
Vifundo vyamuuma kama mwenye kutabiri mvua.
Alfajiri twatembea hadi Mama Ngina, tukirudi twatukana jua.
Mahamri bado hula. Moja.
La pili hulitazama.

Jana alimleta Lulua, bintiye, apimwe nguo ya harusi.
Tepu ikanifikisha arubaini na moja.
"Mashallah" ikanijia mdomoni, nikaimaliza, sikuimeza:
mtoto ni mzuri, na uzuri haukukosa kitu.
Ila nikamuuliza pia, taratibu, pini zikiwa mdomoni,
kama ajua kujipapasa,
na kama mama amemwambia yote.
"Ameniambia," akasema. "Na mtama ameniambia."

Kisha mama mtu akavua buibui, akasimama mbele yangu,
mikono juu.
"Na mimi. Andika sawasawa."

Nikaandika.
Kifua arubaini na nne.
Upande wa kushoto: mtama.