Mbonyeo

Tromboni ilifika Mbeya siku ya Jumanne,
mvua imeshuka toka Loleza hadi Soko Matola,
nayo karatasi yake ilikwisha fika kabla yake:
laki saba na elfu arobaini.
Niliinunua kwa laki nne.
Nikadhani wamekosea mtu, nikasoma jina:
Ambilikile Mwandemele, Tukuyu.
Ndiye mimi.

Ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani,
na chini yake vijitozo vimejipanga
kama watoto wa shule ya Jumapili,
wa mwisho kabisa, tozo ya reli.
"Mwanangu," nikamwambia kijana wa dirishani,
"hii imekuja kwa ndege, ikapanda lori.
Reli imeingilia wapi?"
"Mzee, mimi sipangi. Mimi nachapa tu."

Apangaye ni kompyuta.
Kompyuta imeambiwa: tromboni, shaba, mpya.
Haikuambiwa mzee wa ng'ambo
aliyeipiga miaka thelathini katika bendi ya zimamoto
hadi mapafu yakamgomea,
akaiuza na sanduku lake, na kitambaa cha kufutia,
na kikaratasi cha kalamu ya risasi
alichonitafsiria mchungaji:
*nafasi ya sita hukwama asubuhi za baridi.*
Tulicheka sana siku ile.
Tukuyu, asubuhi isiyo ya baridi ni ipi?

Nikaandika rufaa juu ya goti.
"Napinga ukadiriaji huu."
Neno napinga likanitisha, nikalikata,
nikaweka "naomba uangaliwe upya,"
nikalikata hilo nalo,
nikarudisha napinga, kwa herufi kubwa kidogo.
Nikaambatanisha risiti, karatasi ya benki,
na picha ya mdomo wa shaba
penye mbonyeo, kana kwamba mtu
alijaribu mkate kwa kidole gumba.

"Risiti watu wanatengeneza," kijana akasema.
"Na mbonyeo nimeutengeneza?"

Wiki ya pili, mhusika yuko semina.
Wiki ya tatu, mfumo uko chini.
Huku nyumbani tukamzika Bibi Tusekile
kwa matarumbeta manne badala ya matano.
Sauti ya chini haikuwepo,
wimbo ukatembea kama meza ya miguu mitatu.
Hakuna aliyesema neno.
Waliimba kwa nguvu zaidi, kuziba.

Siku ya ishirini na sita wakaniita.
Sanduku li wazi mezani.
Bi Sekela Nzowa, mkubwa wa ofisi,
akapitisha kidole, kikaingia mbonyeoni, kikakaa humo.
"Hii imetumika," akasema, kama ajisemeaye,
akaandika upya:
laki mbili na elfu sabini.

Nilishinda. Nataka hilo lijulikane kwanza.
Kisha kijana akachapa karatasi nyingine:
ghala, siku ishirini na sita,
elfu sita kwa siku.
"Lakini siku hizo ni zenu!
Mimi nilikuja siku ya kwanza!"
"Hiyo unapinga dirisha lile."
Dirisha lile lilikwenda kula.

Nikalipa. Pesa ya viazi ikaisha,
nikaingia pesa ya parachichi za mke wangu,
ambazo bado ziko mtini.

Nje, chini ya bati la geti, nikaiunga.
Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi.
Mlinzi akaacha redio yake akatazama.
Nafasi ya kwanza ikaenda. Ya pili. Ya tatu
ikalia, ng'ombe wa jirani kabisa.
Ya sita ikakwama.
Nikasimama pale na mkono ulionyooka,
nikimcheka mzee nisiyemjua,
aliyeandika kila kitu alichokijua
bila kudaiwa fomu.

Karatasi ya ghala iko mfuko wa shati.
Dirisha lile, mlinzi anasema,
hufunguliwa saa mbili.