Sindano ya Lumbesa

Ukungu wa Isyonje haujui bei.
Unashuka alfajiri, unalowesha
gunia la mwenye nacho na gunia la mkopo,
na mimi nimekaa kwenye kiroba, sindano mkononi,
niliyoichonga kwa spoku ya baiskeli ya marehemu baba.
Kamba ya katani imenichora kidole hiki,
na hiki.

Mia tano kwa gunia.
Likivaa kofia, mia tano.
Lisipovaa, mia tano.
Kwa hiyo msiniulize niko upande gani.

Wananiuliza.

Ambakisye Nzowa, mwenye viazi, anapiga gunia kofi:
"Gunia lina mdomo, na mdomo ndio mwisho wake!
Hiki kichuguu mnachokipandisha juu
ni madebe mawili ya mgongo wa mke wangu.
Mbolea nanunua kwa mzani. Dawa ya ukungu, kwa mzani.
Hata sukari ya msiba, kwa mzani.
Viazi vyangu tu ndivyo vinapimwa kwa macho,
na macho yenyewe ni ya mnunuzi."

Mwampashi hazimi injini ya fuso.
"Mzee, lori hili kadi yake inalala benki.
Likipasua tairi Kitonga usiku, nani anashuka na jeki?
Mvua ikinikuta njiani, viazi vinaoza vikiwa vya nani?
Sikukushika mkono. Hutaki, kula.
Kula vyote, magunia sitini."

Kimya. Fuso linakohoa.
Ambakisye anatazama karo kwenye viatu vya mwanawe,
kisha ananiambia mimi, si Mwampashi:
"Shona."

Afisa vipimo alikuja mwezi wa sita.
Akapima, akaandika, akatoza, akala wali, akaondoka.
Magunia yalinyoa nywele siku mbili.
Siku ya tatu yakaota.

Nami nina karatasi nyumbani, ndani ya kopo la chai:
pareto, kilo arobaini na mbili,
muhuri wa ushirika, wino wa zambarau,
*malipo baadaye.*
Baba aliisubiri hiyo baadaye
akiwa na meno, akiwa hana meno.
Baadaye ilimzika.
Kwa hiyo Mwampashi akisema, "Mimi nalipa taslimu,"
ulimi wangu unakosa pa kushika.
Na Ambakisye akisema, "Taslimu ya wizi ni wizi uliohesabiwa,"
ulimi unakosa tena.
Nauma uzi kwa jino, nakaza fundo.

Sasa niwaambie ambalo sikumwambia mtu.

Sindano zangu ni tatu.
Moja natumia. Mbili nimewapa mabinti,
Gwantwa na mdogo wake Subilaga, yatima wa pale juu.
Kila gunia wanaloshona, mia tatu yao,
mia mbili yangu.

Juzi Gwantwa aliniuliza, bila hasira,
kama mtu anayeuliza njia:
"Mama Tumwimbile, hiyo mia mbili ni ya nini?"

Nikajibu upesi. Upesi mno.
"Sindano ni zangu. Ikivunjika, nani ananunua?
Sikukushika mkono."

Nikanyamaza.
Nilikuwa nimesikia fuso likinguruma kooni mwangu.

Usiku nililala chali, nikajitetea mbele ya dari:
kabla ya sindano hizi walikuwa wakiokota masalia shambani;
mia tatu ni mia tatu; nami nina madeni.
Dari halikubisha.
Ni kweli yote.
Na bado mia mbili, kwa magunia arobaini,
ni elfu nane, na mgongo uliopinda si wangu.

Leo ukungu umechelewa kuondoka.
Nimezunguka banda kutafuta kamba,
nikamkuta Gwantwa amechuchumaa penye jiwe la kunolea,
ana spoku, sijui ameitoa baiskeli ipi.
Ananoa polepole, anatema mate, ananoa,
anajaribu ncha kwenye ukucha.

Hajaniona.

Nimefurahi, Mungu shahidi.
Kisha nimesimama palepale, kamba begani,
nikaanza kuhesabu
nitapungukiwa shilingi ngapi.