Sikio la Kufa

Mara ya kwanza uliletwa katika chupa ya achari.
Niliurudisha. Nikatuma kichupa safi na maelezo:
nawa, mwaga wa mwanzo, kinga wa katikati, funika.
Mjukuu wake alinirudia maneno yangu kwenye simu
akaliruka moja, kwa haya.

Leo mkojo wa Indrakala Limbu umeshuka mlima kwa basi la alfajiri,
kona baada ya kona, Ilam hadi Birtamod,
katikati ya barafu na magunia ya iliki.
Rangi yake chai iliyosahauliwa jikoni.
Wiki tatu mama huyu anakojoa moto.

Nachovya kitanzi cha waya. Tone moja, basi.
Nachora juu ya agari kama mtu anayetia sahihi asiyoiamini,
nafunga kabati la joto:
joto la mwili, bila mwili.

Asubuhi wameamka kabla yangu.
Waridi, wanang'aa, wamesongamana
zaidi ya laki moja kwa mililita.
Chini ya lenzi, vijiti vifupi vyekundu.
Esherikia koli.
Huko utumboni ni raia mwema, ana kazi, ana majirani;
amevuka mpaka wa upana wa vidole viwili
akawa mvamizi.

Sasa ndiyo kazi yenyewe.
Nampaka sahani nzima kama fundi anayepiga lipu,
nashusha viduara vitano vya karatasi, kila kimoja na dawa yake,
namwuliza swali moja, usiku kucha: unasikia?

Ampisilini. Kimya. Ameota hadi ukingoni mwa karatasi.
Septrini. Kimya.
Siprofloksasini, ile aliyoiuza Tikaram wa sokoni
vidonge vinne vinne, kwa kuwa kumi ni bei ya kuku:
kimya cha mtu aliyekwisha kuzoea kelele.

Husemwa sikio la kufa halisikii dawa.
Waliosema hawakukaa hapa na rula.
Hili halisikii, na halifi.
Hufa lile linalosikia,
lile nyonge, lililoanguka kwa kidonge cha kwanza, cha pili,
likawaachia uwanja wasiosikia.
Wakazaana.
Tena hupeana huo ukaidi, mmoja kwa mwenziwe,
kama majirani wanavyoazimana moto.

Jentamaisini: milimita kumi na saba. Anasikia, ila kwa sindano.
Nitrofurantoini, dawa ya zamani
ambayo mwalimu wangu Khagendra aliiita shangazi,
haonwi mpaka nyumba iungue:
duara tupu, jeupe, ishirini na moja.
Nikapima tena.
Nikaandika: anasikia.

Daktari Yangden akatia sahihi. Nikapiga simu.
Mjukuu akakimbia nayo hadi kwenye mistari ya chai.

"Nimesikia, mwanangu," akasema Indrakala.
"Siku zote tano, pamoja na chakula, hata nikipona siku ya pili.
Na wewe sikia.
Nachuma saa moja hadi kumi na moja.
Choo hakuna. Yupo msimamizi, wapo wanaume wa mizani,
kwenye nyasi wapo ruba.
Kwa hiyo maji siyanywi. Nikinywa, nitakwenda wapi?
Hiyo shangazi yenu, ina neno la kumwambia msimamizi?"

Fomu yangu ina safu kumi na mbili, zote za dawa.
Niliigeuza nyuma. Nyuma ni nyeupe.

Jioni nimezitia sahani kwenye mtungi wa mvuke,
nyuzi mia moja ishirini na moja, dakika kumi na tano.
Hiyo wanaisikia wote.
Mezani chai yangu imepoa, ya huko huko Ilam,
majani mawili na chipukizi.
Nimejibana tangu saa nane.
Naenda. Ni hatua sita.
Mlango una komeo.