Hodi ya Tatu

Barua pepe nazo hubisha hodi.
Hilo sikulijua hadi nilipokabidhiwa seva
ya kampuni ya mbegu za viazi, hapa Dundee,
ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya magunia.
Kabla ya neno lolote, mgeni hujitaja;
mlinzi wangu hutazama anakotoka,
hufunua orodha iliyotungwa na watu nisiowajua,
na akiikuta anwani humo, hujibu kwa tarakimu:
mia tano hamsini na nne.
Maana yake: huku hakuna karibu.

Kabla ya orodha tulikuwa tukizama.
Dawa za nguvu za kiume, urithi wa majenerali,
saa za dhahabu kwa bei ya mchicha.
Morag alizifuta kwa kidole kimoja, chai ikipoa,
hadi siku alipofuta na oda ya tani sita.
"Zuia," akaniambia. Nikazuia.
Usiku wa kwanza zilirudishwa elfu nne na ushei,
nami nikalala kama mtoto aliyeshiba.

Oktoba, simu inakwaruza.
Alianza kwa Kiingereza cha kamusi;
nilipomwitikia kwa Kiswahili akanyamaza, kisha akacheka.
"Atanasi Mbwilo, nipo Makete.
Nimebisha hodi mara tatu, ndugu yangu.
Ya tatu isipoitikiwa, mtu huondoka.
Ila mvua haitanisubiri."

Nikafungua daftari la seva. Kweli, alikuwepo:
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
554, 554, 554.
Kosa lake? Amepanga anwani moja
na tapeli asiyemjua hata kwa kikohozi.

Nilishuka ghalani na aibu yangu.
Wanawake wanne walikuwa kwenye mkanda, wakichambua.
Kiazi kimoja kikioza, gunia zima hunuka,
ila sikumwona hata mmoja akitupa gunia.
Waliminya kimoja kimoja, glavu zimetoboka vidole,
kibovu ndooni, kizima kwenye kreti,
huku wakisengenya harusi ya mtu.

Mimi nina elfu nne kwa usiku, na mikono miwili.
Sikuiondoa orodha. Nisidanganye.
Nimefungua nyingine pembeni, fupi, ya mkono;
ina jina moja hadi sasa.
Na kila alfajiri, Morag hajawasha birika,
nawapitia waliorudishwa,
mstari kwa mstari,
nikimtafuta aliyebisha mara tatu.