Mizani ya Mlimani

Langoni Machame mizani haina mjomba:
kilo ishirini, mgumu, usizidishe hata soksi.
Wenzangu wakagawiwa mahema, mitungi ya gesi, trei za mayai,
Shayo akabebeshwa tikiti maji zima
kwa kuwa bwana hulila akifika juu ya mawingu.
Mimi, Aminieli Kiwelu wa Kibosho,
nikakabidhiwa choo.

Choo cha bwana. Cheupe pe, kiti chake laini,
kina hema lake, zipu yake, na pampu ya kusukumia maji.
Mwenyewe ana viwanda ambavyo hajawahi kuvikanyaga,
meli zinazopeperusha bendera ya kisiwa kisichomjua sura,
na pesa (mpishi ndiye aliyesema, na mpishi hapitwi na neno)
ambazo akilala huzaana,
akiamka amechuma mshahara wa wilaya yetu nzima,
walimu, manesi, hata mkuu wa wilaya na dereva wake.
Ila msalani anakwenda kama sisi.
Hilo nalijua kwa hakika.
Mimi ndiye mtunza hesabu.

Usiku wa Shira, baridi ikitutafuna masikio,
bwana akafanya mkutano kwa simu ya setilaiti.
Sauti ilivuka turubai; mwongozaji akatutafsiria kwa kunong'ona:
"Msibabaike na maskini. Waacheni walio juu washibe kwanza.
Wakishajaa, kitamwagika chenyewe,
kitatiririka taratibu mpaka kiwafikie wa chini."
Tukatazamana.
Shayo akanigusa bega: "Kaka, shukuru Mungu,
wewe kwako kimeshaanza kutiririka."
Tulicheka hadi mpishi akatutupia mwiko.

Asubuhi nikajitwisha kilichotiririka.
Maana bwana anapenda mazingira, anayapenda sana,
ameapa hataacha mlimani hata tone lake:
kila kitu kishuke.
Hakusema kishushwe na nani.
Barranco, Karanga, Barafu,
yeye pole pole na fimbo zake mbili,
mimi nikimpita mbio, choo kichwani,
ili kila afikapo akute kiti kinamsubiri.
Ukinitazama kwa mbali ungedhani
nambebea mfalme taji.

Alifika kileleni alfajiri. Akapigwa picha
na kitambaa cha kampuni kilichoandikwa TUMEFIKA PAMOJA.
Mimi wakati huo nipo Barafu, nalinda choo kisipeperushwe na upepo.
Waliporudi nikasikia analalamika:
theluji mbona kidogo hivi? Yeye kalipia theluji.
Mwongozaji, kijana mwenye adabu, akamjibu,
"Imetiririka, bwana."
Nikaukumbuka mfereji wa babu zetu kule Kibosho,
mkavu tangu Novemba,
mama akipitisha mkono chini yake kama anayetafuta sindano.
Nikataka kuuliza imetiririkia upande gani.
Mgumu haulizi, mgumu anabeba.

Lango la Mweka akatuhutubia.
Amejifunza unyenyekevu, alisema, ataandika kitabu.
Machozi yalimtoka, nasi tukampigia makofi,
maana bahasha zilikuwa bado mfukoni mwake.
Bahasha zilipotoka zilikuwa nyepesi kuliko machozi.
Mimi akaniongezea glovu, akanikumbatia.
Glovu moja. Ya kushoto.
Ya kulia aliidondosha Barranco.

Kisha mizani tena.
Mahema yamepungua kwa kukauka, mayai yameliwa,
tikiti la Shayo limebaki maganda,
mitungi mitupu, wagumu wenyewe wamekonda.
Karani akakiweka choo juu ya sahani ya chuma,
akarudi nyuma hatua mbili, akaziba pua, akaandika:
*Kupanda, kilo kumi na moja.
Kushuka, kilo kumi na saba.
Mhusika: A. Kiwelu.*

Nikaomba niione ile karatasi, nikaisoma mara mbili.
Miaka tisa nabeba mlima huu,
na hiyo ndiyo siku ya kwanza
kuona faida imeandikwa kwa jina langu.